Mji Ukisikilizwa: Majibu kwa wanaoipinga tamthilia ya ushuhuda

Laramie ni mji wa reli uliojengwa kwenye uwanda wa juu. Ni mkavu, una upepo usiokoma, na una chuo kikuu. Mtu wa Dodoma akisikia maelezo hayo haoni ugeni wowote. Wao walianza mwaka 1868 reli ya Union Pacific ilipofika kwao, Wyoming, Marekani. Sisi tulianza na stesheni ya Reli ya Kati enzi za Wajerumani. Mwaka 1998 Laramie ilikuwa na watu wapatao 27,000. Usiku wa tarehe 6 Oktoba kuamkia tarehe 7, vijana wawili wa hapohapo, Aaron McKinney na Russell Henderson, waliondoka baa na Matthew Shepard, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Wyoming. Walimpiga kwa kitako cha bastola, wakamfunga kwenye uzio nje ya mji, wakamwacha kwenye baridi. Saa 18 hivi zikapita. Kijana aliyekuwa akiendesha baiskeli alimwona kwa mbali, akadhani ni sanamu la kutishia ndege. Shepard alifariki tarehe 12 katika hospitali ya Fort Collins, Colorado. Alikuwa shoga, na hakuwa akificha.

Mwezi uliofuata kikundi cha Tectonic Theater Project kutoka New York, kikiongozwa na Moisés Kaufman, kilifika Laramie na vinasa sauti. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi wakafanya mahojiano zaidi ya 200. Februari 2000, huko Denver, wakafungua tamthilia ya The Laramie Project: waigizaji 8, wahusika zaidi ya 60, na karibu kila neno la jukwaani limetoka kinywani mwa mtu halisi au kwenye kumbukumbu za mahakama, pamoja na shajara za waigizaji wenyewe. Hiyo ndiyo ninayoiita tamthilia ya ushuhuda.

Kila ninapoitaja kwenye mazungumzo ya sanaa hapa mjini, mapingamizi ni yaleyale. Nitayajibu kwa mpangilio ninaoyasikia nao, si kwa uzito wake.

La kwanza ni kwamba huo ni mchezo wa kutetea ushoga. Anayesema hivi kwa kawaida hajausoma. Shepard hayumo jukwaani. Hana hata mstari mmoja wa kusema kama mhusika. Waliomo ni waliobaki: mhudumu wa baa, dereva wa magari ya kukodi, daktari, mkuu wa chuo, wachungaji, askari wa kike aliyewahi kufika kwenye uzio na kumhudumia majeruhi bila glavu za kufaa. Yumo mchungaji wa Kibaptisti anayesema wazi kwamba hakubaliani na maisha ya marehemu, tena anatumaini kijana alipata nafasi ya kuyatafakari kabla ya kupoteza fahamu. Hakuna mhusika anayesimama kumjibu. Kaufman angeweza kumkata, au kumgeuza kinyago cha kuchekesha, hakufanya hivyo. Mchungaji anasema yake, anakwenda, na hadhira inabaki nayo.

Ukitaka kujua tamthilia hii inahusu nini, angalia kinachorudiwa. Watu wa Laramie wanarudia kwamba mji wao si wa namna hiyo, kwamba wao ni watu wa kuishi na kumwacha mwenzako aishi. Na kila wanaporudia, ukweli mmoja unawakaba: wauaji hawakutoka mbali. Walikulia hapo. Henderson alikuwa skauti wa kupigiwa mfano. Mmoja wa wanaokataa kujifariji ni mwanafunzi Mwislamu anayevaa hijabu, mtoto wa wahamiaji, anayewaambia wenzake kwamba mji unaozaa tendo kama hilo hauwezi kusema haukulizaa. Swali lililo mezani ni la mauaji na majirani. Mtu anaweza kuingia ukumbini akiamini kwamba ushoga ni dhambi, akatoka akiamini hivyohivyo, na bado tamthilia ikawa imemfanyia kazi yake: imemuuliza imani hiyo ilikuwa ikisema nini mezani nyumbani kwake wakati watoto wanasikiliza.

Pingamizi la pili linatoka kwa wasanii wenyewe, na linanikera zaidi. Kwamba kunakili maneno ya watu si utunzi; mtunzi yuko wapi? Jibu fupi: chukua mahojiano 200 uyafanye saa mbili na nusu za jukwaani, halafu uniambie kama hujatunga. Nani aanze, nani akatishwe, kauli ya nani ikae kando ya kauli ya nani, ukimya uwekwe wapi; yote hayo ni maamuzi, na kila uamuzi una lawama yake. (Maamuzi yao mengine siyapendi. Sehemu ya tatu inarefuka, na waigizaji kujiweka wenyewe ndani ya hadithi wakati mwingine kunanuka kujipendeza.) Kosa la aina hii ya sanaa likitokea huwa ni la mtunzi, maana yeye ndiye aliyechagua.

Hapo hufuata ndugu yake pingamizi hilo: basi ni sanaa ya Wazungu, haituhusu. Hili lingekuwa na nguvu kama tungekuwa mji mwingine. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 kule Ihumwa, mashariki tu ya mji huu, ndiye aliyeieneza ngonjera. Shule nchini ziliipokea baada ya Azimio la Arusha: watoto wawili au zaidi wanasimama mbele ya watu, kila mmoja ana upande wake, wanabishana kwa beti. Mgogo huyohuyo ndiye aliyeandika historia na mila za Wagogo. Baada yake Mzee Ernest Kongola, mwalimu mstaafu wa Dodoma, alitumia miaka yake ya uzeeni kukusanya historia za koo kutoka vinywani mwa wazee, akajaza majalada. Mwaka 2006 yeye na mwanahistoria Gregory Maddox wakatoa kitabu kuhusu kazi hiyo. Kusikiliza, kuandika, kusimamisha sauti zinazopingana mbele ya hadhira: tulikuwa na vyote vitatu kwenye ardhi hii kabla Kaufman hajashika kinasa sauti.

Tofauti ipo, na ndiyo inayonivutia. Ngonjera mara nyingi huishia kwenye maafikiano. Mjinga anaelimishwa, mkaidi anakubali, wote wanaimba pamoja na mgeni rasmi anapiga makofi. Tamthilia ya ushuhuda haina ubeti huo wa mwisho. Mchungaji hakubadilika. Baba mzazi wa Shepard mahakamani alikubali McKinney aepushwe adhabu ya kifo, lakini hakusema amesamehe. Kwa jamii iliyozoea michezo ya kuigiza inayofungwa na ujumbe wa semina, hilo linasumbua, na ni vizuri lisumbue.

Kwenye Afrika Mashariki pana kuna mifano zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, wilayani Kwimba, wakakaa na wanakijiji, wakawasikiliza matatizo yao, wakayafanya maonyesho yaliyochezwa na wenyeji na kujadiliwa na wenyeji papo hapo. Huko Kamiriithu, Kenya, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walifanya kazi na wakulima na vibarua waliosahihisha mswada kwa kumbukumbu za maisha yao wenyewe. Serikali iliufungia mchezo Novemba mwaka huo, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Hakuna serikali inayofunga mtu kwa ajili ya sanaa ya kigeni isiyomgusa yeyote.

Sasa lije lile kubwa: huku kwetu mambo hayo hayapo. Wanaosema hivi huchanganya mawili. Wakimaanisha wapenzi wa jinsia moja hawapo, sina haja ya kubishana. Sheria haiandikwi dhidi ya kisichokuwepo, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30. Wakimaanisha chuki inayoua haipo, tuangalie jirani.

Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha picha za watu liliowaita mashoga pamoja na wito wa kuwanyonga. David Kato, mwalimu na mwanaharakati, alikuwa mmoja wao. Yeye na wenzake walikwenda Mahakama Kuu na kushinda. Tarehe 26 Januari 2011 aliuawa kwa nyundo nyumbani kwake Mukono. Msibani kijijini kwao, mhubiri alishika kipaza sauti akaanza kuwashutumu mashoga waliokuja kumzika. Zogo likazuka. Wanakijiji wakakataa kubeba jeneza, na marafiki wa marehemu ndio waliolipeleka kaburini. Askofu Christopher Senyonjo, ambaye kanisa lake lilikuwa limemtenga, ndiye aliyesimama kumwombea. Polisi walisema si uhalifu wa chuki. Muuaji alijitetea kwamba Kato alimtongoza, akafungwa miaka 30. Mtunzi wa tamthilia ya ushuhuda hahitaji kuongeza chochote kwenye msiba ule. Anahitaji tu kwenda kijijini na kuuliza: wewe uliyekataa kubeba, siku ile ulikuwa unafikiri nini? Na wewe uliyetaka kubeba ukaogopa?

Kuhusu sisi, mwishoni mwa Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwaomba wananchi wawataje. Alisema amepokea maelfu ya ujumbe. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi na si msimamo wa serikali. Mjadala uliishia hapo, kwenye viongozi. Mimi bado nawaza wale maelfu. Kila ujumbe uliandikwa na mtu aliyemtaja mtu: mpangaji mwenzake, shemeji, kijana wa saluni, pengine mtu aliyemdai. Tukiulizana jamii yetu inasema nini, jibu moja lilikuwa kwenye simu zile.

Tena hatuhitaji kwenda kwenye ushoga ili kuona utaratibu wenyewe. Magazeti yetu yana msemo wa siku zote, wananchi wenye hasira kali, na msemo huo umewazika vibaka, vikongwe wenye macho mekundu kule Usukumani, na watu waliokosewa kwa sura. Tangu kati ya miaka ya 2000 wamewindwa watu wenye ualbino. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa machozi bungeni hapa Dodoma alipokuwa akiieleza kauli yake kwamba wanaokutwa wakiwaua watu wenye ualbino nao wauawe. Kiongozi anataka kukomesha mauaji kwa kuruhusu mauaji, halafu analia: hakuna mtunzi angethubutu kuibuni. Lakini imo kwenye Kumbukumbu Rasmi za Bunge. Mji huu ndio unaohifadhi, kwa utaratibu wa Bunge, kila neno linalosemwa kwa niaba ya taifa, na bado tunaambiwa tamthilia ya maneno halisi ni mmea usioota hapa. London, mwaka 1999, ukumbi wa Tricycle uliweka jukwaani kumbukumbu za uchunguzi wa kuuawa kwa Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyechomwa kisu mwaka 1993, karibu neno kwa neno. Hadhira ilikaa kimya ikisikiliza maofisa wa polisi wakijikanyaga. Hakuna aliyehitaji kuandika kipya.

Wapo wanaokuja na silaha ya kisasa zaidi: kwamba hadithi ya Laramie yenyewe ni ya uongo. Wanataja kitabu cha mwandishi Stephen Jimenez cha mwaka 2013 kinachodai mauaji yalitokana na dawa za kulevya na kwamba muuaji na marehemu walifahamiana. Kwanza, wapelelezi wakuu wa kesi walikikataa kisa hicho. Pili, na hili ndilo linalonitosha, wakili wa McKinney mwenyewe alijaribu kumtetea kwa hoja kwamba mteja wake alipandwa na wazimu baada ya kutongozwa na mwanaume. Jaji aliikataa hoja hiyo. Mshtakiwa anapoomba kupunguziwa kosa kwa sababu marehemu alikuwa shoga, ni vigumu baadaye kusema ushoga haukuwa na nafasi. Tatu, Tectonic hawakuukimbia uvumi. Mwaka 2008 walirudi Laramie, wakakuta watu wengi wameshauzoea ule usemi kwamba ulikuwa wizi tu ulioharibika, wakawahoji na wauaji wote wawili gerezani, wakauweka uvumi wenyewe jukwaani katika tamthilia ya pili. Tarehe 12 Oktoba 2009 ilisomwa kwenye kumbi zaidi ya 150 kwa siku moja.

Hata hivyo wanaopenda sanaa hii nao wana la kujifunza. Edwin Chiloba, mwanaharakati shoga wa Kenya, alipokutwa amekufa ndani ya sanduku la chuma karibu na Eldoret, Januari 2023, wengi tulitangaza palepale kwamba ni uhalifu wa chuki. Desemba 2024 mahakama ilimfunga miaka 50 mtu aliyekuwa akiishi naye kama mwenzi. Majirani, mitandao na viongozi walisema mengi ya chuki baada ya kifo kile, na hayo yanastahili tamthilia. Sababu ya kifo ni jambo jingine. Mwenye kinasa sauti akifika na hitimisho mfukoni, atasikia hitimisho hilo tu.

Kwamba mchezo kama huu unachafua jina la mji nitalijibu haraka. Novemba 2000 tamthilia ilichezwa Laramie kwenyewe, mbele ya waliohojiwa. Jina la mji lilikuwa limeshachafuliwa miaka miwili kabla, na wachafuzi hawakuwa waigizaji.

Vilevile lile kwamba haibadilishi chochote. Sheria ya shirikisho ya Marekani dhidi ya uhalifu wa chuki, iliyosainiwa tarehe 28 Oktoba 2009, ina majina mawili: Matthew Shepard, na James Byrd, Mmarekani mweusi aliyeburutwa na gari hadi kufa huko Jasper, Texas, miezi minne kabla ya mauaji ya Laramie. Sisemi tamthilia ndiyo iliyoipitisha. Familia na wanasheria walihangaika miaka zaidi ya kumi. Na siku inasainiwa, jimbo la Wyoming lilikuwa halijapitisha ya kwake. Anayetaka sanaa imletee sheria asubuhi ya pili atavunjika moyo mapema.

Limebaki moja, na hili nalikubali kwa sehemu kubwa. Wanasema hapa haiwezekani. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, inataka mchezo upate kibali kabla ya kuonyeshwa, na sioni bodi ikitoa kibali kwa mchezo unaomhusu shoga aliyeuawa, hata kama haumtetei. Kampala mwaka 2012 mtayarishaji wa mchezo wa kubuni tu kuhusu mwanaume shoga, Mwingereza David Cecil, alikamatwa, na Februari mwaka uliofuata akafukuzwa nchini. Lakini kibali si kikwazo kibaya kuliko vyote. Kibaya zaidi ni usalama wa anayehojiwa. Laramie wengi walikubali majina yao yatumike. Dodoma, mama anayeeleza jinsi mwanawe alivyopigwa na vijana wa mtaa atatambulika kwa lafudhi, kwa jinsi anavyolitaja kanisa lake, kwa jina la mtaa. Kubadilisha jina hakutoshi. Atakayemhoji ataondoka na shahada yake ya uzamili. Mama atabaki Chang'ombe au Kikuyu na majirani walewale. Kwa mtu aliye chini ya kifungu cha 154, ushuhuda wake unaweza kuwa ushahidi. Sitamwomba yeyote alipe gharama hiyo kwa ajili ya jukwaa.

Lakini ninaowataka wasemeshwe kwanza si wahanga. Ni waliotazama. Kifungu cha 196 cha Kanuni hiyohiyo ya Adhabu kinakataza kuua, na hakina orodha ya watu ambao kuwaua kunaruhusiwa, awe shoga, kibaka, kikongwe au mwenye ualbino. Kwa hiyo walimu na wanafunzi wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na vikundi vinavyohangaika na mazoezi bila ukumbi, chukueni mauaji ya kundi la mtaani ambayo kesi yake imekwisha, ya mtu yeyote aliyeuawa kwa jinsi alivyo. Acheni familia ya marehemu ipumzike. Waulizeni mwenye duka aliyefunga mlango, bodaboda aliyepeleka mafuta, mwenyekiti wa mtaa aliyechelewa kwa makusudi, kijana aliyerekodi kwa simu. Andikeni wanavyosema, na msiwasahihishe. Wasipokubali kuongea, Kumbukumbu Rasmi za mkutano wa Bunge wa Januari 2009 ni mali ya umma. Someni zile kwa sauti, mkigawana wahusika.